Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Mimi ni mbishi, hata mama anajua. Ndiyo maana mwalimu mmoja aliponiambia banda langu la video litakufa, nilimcheka mbele ya wateja. Ilikuwa hapa Bariadi, enzi za kanda, nina deki moja na jenereta lililokohoa zaidi kuliko kufanya kazi. Mwalimu alikuwa ametoka semina Mwanza, gazeti mkononi. Akasema kuna kitu kinaitwa intaneti, kitapita kwenye waya wa simu mpaka kwenye televisheni sebuleni. Mtu ataita filamu anayoitaka, ataagiza nguo, atamwuliza daktari, na televisheni itamjibu.

"Itamjibu kwa Kiswahili au Kisukuma?" nikamwuliza.

Watu wakacheka. Ila neno lile lilinikaa. Wiki nzima nilikuwa naitazama televisheni yangu ikiwa imezimwa, najiuliza: mtu akisema nayo, mle ndani nani anasikia? Niliogopa kidogo, lakini hamu ya kujua ilizidi.

Banda lilikufa kweli. Filamu zilihamia kwenye simu, siyo televisheni, hapo mwalimu alikosea. Mengine, mh, aliyapatia. Siku hizi nalima pamba Mwamapalala, na shati hili niliagiza kwa kidole.

Mwaka jana dada yangu, aliyeolewa mbali huko Sumbawanga, alijifungua kwa upasuaji. Mtoto mzima, mama yake hali mbaya. Mama yetu akagoma kula. Tukimwambia dada anaendelea vizuri, anajibu, "Hata aliyekwisha kufa huwa mnasema anaendelea vizuri. Nataka kumwona."

Nikapiga simu ya video. Kosa ni langu, sikufikiria nani angepokea. Uso wa shemeji ukajaa kioo kizima. Kwetu mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani; wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Mama akajifunika kanga kichwa chote. Shemeji naye akatoweka, tukabaki na dari ya wodi.

Nilijilaumu sana. Dada hakuwa na nguvu ya kushika simu, na muuguzi alikuwa na wagonjwa wengine. Kisha picha ikaanza kuyumba: chandarua, dripu, mguu wa kitanda. Ndipo nikaelewa. Shemeji alikuwa amegeukia ukuta, mkono wenye simu ameunyoosha nyuma, ili asimwone mama.

"Juu kidogo, shemeji. Kushoto. Hapo hapo."

Nikamwambia mama afunue uso. Dada alikuwa pale, midomo imekauka, macho yanatafuta. "Mayu," akaita, vile tunavyomwita mama nyumbani. Mama alilia bila kujificha.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula. Mume wangu ananilisha kijiko kwa kijiko. Na kuniogesha ni yeye."

Miaka yote, mama akiwa na neno kwa mkwe wake, lilipitia kwangu au kwa dada. Siku hiyo aliishusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani na kusema mwenyewe:

"Baba, geuka nikuone."

Jibu lilitoka ukutani, taratibu:

"Nikigeuka, mama, simu itamwacha mwanao."