Sifuri kwa Daftari la Mchuma Matufaha

Verna Hostetler alikuwa mkutubi wa chuo kidogo cha bonde la Yakima, nchi ya mashamba ya matufaha, kwa miaka ishirini na miwili, na muda wote huo alijiona mlinzi wa ukweli. Silaha yake ilikuwa kadi ya njano aliyoitunga mwenyewe, yenye maswali matano ya kupima chanzo cha habari. Mwandishi ana shahada? Jarida linajulikana? Kila ndiyo, alama moja. Kufikiri kote kukageuzwa kuwa kuweka alama za vema, na maprofesa wakampigia makofi, wavivu wakubwa wale.

Jumanne moja Itzel Barragán, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alimwekea mezani daftari lililochakaa. Mama yake, mchuma matufaha, alikuwa ameandika humo kila siku shamba liliponyunyiziwa dawa ya wadudu, na nani alitapika.

“Profesa Dunleavy anasema usipolipitisha hili kuwa chanzo, insha yangu imefeli,” alisema. “Nikifeli, chuo basi.”

Verna akatoa kadi. Sifuri.

“Pole, binti. Mama yako hana shahada.”

“Kwani waliotapika walitapika kwa shahada?”

Dunleavy, aliyekuwa amesimama pembeni, akacheka. “Hayo ni maneno ya jikoni. Soma utafiti wa kweli!” Mtu huyo tufaha alilijua kwenye pai tu.

Utafiti wa kweli, uliosema dawa ile haina madhara, ulikuwa hapo hapo mezani, alama tano kwa tano. Kwa miaka tisa Verna alikuwa akiwafundishia wanafunzi kama mfano bora. Itzel akaufunua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye maandishi madogo.

“Nani kaulipia? Swali hilo kwenye kadi yako liko wapi?”

Alikuwa ameulipia muuza dawa ile ile. Verna akasoma mara mbili. Miaka tisa, na hakuwahi kufika ukurasa ule. Alijidharau kupita alivyomdharau Dunleavy, ingawa dharau yake kwa Dunleavy ilikuwa kubwa. Akatia saini daftari lipite.

“Unashusha hadhi ya chuo,” Dunleavy akanguruma.

“Hadhi gani, bwana wee? Nenda zako.”

Itzel hakushukuru. Alilichukua daftari, akalifuta vumbi.

“Utafiti huo naujua tangu nyumbani, Mwalimu. Mama alipolalamika, msimamizi wa shamba alimpa nakala. Akamwambia, ‘Nyamaza, mama. Mkutubi wa chuoni ndiye aliyenifundisha kuuamini.’”