Kilo Tisa za Kaka Yangu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kabla wauzaji hawajaanza kufika, kaka yangu alivua kandambili na kupanda kwenye mizani ya kupimia magunia ya mahindi, ghalani kwangu Sumbawanga. Mshale ulitulia kwenye hamsini na tisa. Nilipiga mahesabu kwenye simu mara mbili, maana furaha humfanya mtu akosee, kisha nikamwambia: “Ishirini nukta nne. Umeingia kwa watu wenye afya, kaka.”

Wiki tano kabla ya hapo alikuwa amekuja kutoka Msanzi akiwa na kilo hamsini, amechoka, anakohoa usiku. Kwenye zahanati walimpima uzito na urefu, wakamwambia kuwa BMI yake ni kumi na saba na kidogo, na kwamba mtu mwenye afya hashuki chini ya kumi na nane na nusu. Ale vizuri. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini hesabu hiyo niliielewa nikiwa bado nimesimama pale: unachukua kilo, unazigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Nilipenda kwamba haikuwa siri ya mtu yeyote.

Kaka alikuwa na sababu ya kuharakisha kupona. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na alitaka kumwingiza kanisani kwa miguu yake mwenyewe, kutoka mlangoni hadi altareni, bila kushikiliwa wala kupewa pole. Kwa hiyo akabaki kwangu, na mimi nikamlisha. Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa. Mchana ugali na maharage. Jioni dagaa wa chumvi kutoka Kasanga, ambao aliwapenda tangu utoto. Kila Jumamosi nilimpandisha kwenye mizani, na kila Jumamosi mshale ulisogea.

Wapagazi wangu walimzoea. “Bosi, hili gunia lina miguu!” walikuwa wakipiga kelele akipanda. “Shikamoo, gunia!” Naye alicheka hadi akakohoa. Siku moja mmoja wao, yule anayebeba gunia la kilo mia kama mto wa kulalia, aliomba na yeye apigiwe hesabu. Akatoka ishirini na nane. Nikamsomea kwenye simu: uzito uliozidi.

“Nipunguze nini sasa, bosi? Mabega?”

Wenzake walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilirudia kumpima urefu nikidhani nimekosea sentimita, na nilipoona sijakosea, niliacha jambo lile lilivyo. Nilikuwa na la kaka la kushughulikia.

La kaka nalo halikukaa sawa kichwani. Alikuwa ananenepa, lakini sahani ilirudi jikoni na zaidi ya nusu ya chakula. Viatu vyake vilikataa kuingia, akawa mtu wa kandambili katika baridi ya mwezi wa saba. Kutoka nyumbani hadi ghalani si mbali, lakini alisimama njiani mara tatu, akijifanya anatazama mashamba. Usiku alilala ameegemea mito, karibu ameketi.

“Mdogo wangu,” aliniambia Jumamosi ile ya hamsini na tisa, akishuka kwenye mizani, “mimi vijiko vitano tu nimeshiba. Hizi kilo zinatoka wapi?”

“Mizani ni nzima, kaka. Imekaguliwa mwaka huu.”

“Sijasema ni mbovu. Nauliza zinatoka wapi.”

Nikamwambia ni maziwa. Siku hiyohiyo nilikwenda mnadani nikamnunulia suti ya harusi, pana kiunoni, ya kumtosha alivyo.

Niliporudi ghalani kulikuwa na mkulima mwenye magunia ishirini. Nilitia konzi ya punje na chumvi kavu ndani ya chupa ya soda, nikatikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo. Mahindi yakiwa makavu haigandi.

“Anika siku nne tano, urudi,” nikamwambia.

“Bosi, kilo si kilo? Pima uone, yamejaa!”

“Yamejaa maji. Maji siyanunui.”

Mkulima alikuwa bado ananilalamikia wakati mke wa kaka alipoingia, amefika kwa basi kutoka Msanzi na furushi la maharage. Nilimpokea kwa majigambo. “Shemeji, tazama mume wako. Kilo tisa!”

Alimtazama usoni, kisha akapiga goti na kumpandishia suruali hadi chini ya goti. Akabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo lilibaki palepale, kama kidole kimechomwa kwenye unga uliokandwa.

“Shemeji,” aliniuliza bila kunyanyua kichwa, “huku ni kunenepa kwa wapi?”

Chupa ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliiweka chini, nikafunga ghala saa nane mchana, jambo nisilolifanya msimu wa mahindi, tukampeleka hospitali.

Daktari, mwanamke mdogo kuliko binti zangu, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yanabaki mwilini. Mimi nilimweleza hesabu yangu yote, Jumamosi hadi Jumamosi.

“Hesabu yako ni sahihi, mzee. Kilo tisa zipo. Ila si nyama.”

Akauliza anakula nini. Nilipofika kwenye dagaa wa chumvi, aliacha kuandika. “Hao waache kuanzia leo. Chumvi inashika maji.”

Alimpa dawa za moyo na za kutoa maji, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kilo zilianza kushuka. Hamsini na tano, hamsini na mbili. Kila zikishuka mimi nilirudia hesabu, daktari akatabasamu. Tuliporudi mara ya mwisho kabla ya harusi alikuwa na arobaini na tisa.

“Daktari, hii ni kumi na sita nukta tisa. Ameshuka kuliko alivyokuja.”

“Analala chali?”

“Analala.”

“Anatembea bila kusimama?”

“Anatembea.”

“Basi anaendelea vizuri. Sasa ndiyo ale, bila chumvi.”

“Kwa hiyo ile namba ya zahanati ilikuwa ya uongo?”

“Ilikuwa kweli kwamba ni mwepesi. Haikusema kwa nini.”

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi na bado halijanikaa. Ndugu huyu mmoja, alipokuwa anazama ndani ya ngozi yake mwenyewe, namba ilimsifu. Alipopata pumzi, ikamwita mgonjwa. Mpagazi wangu mpaka leo anabeba gunia na uzito wake uliozidi. Hesabu ninaijua kwa moyo, na sijui niifanyie nini.

Siku ya harusi watu walinipa pole kwenye ua wa kanisa. “Kaka yako amekwisha jamani.” “Poleni, anaumwa nini?” Sikujua kama niseme asante au niwakatalie. Yeye alivaa viatu vyake vya zamani, akampa binti yake mkono, wakatembea kutoka mlangoni hadi altareni. Nilimhesabia. Hakusimama hata mara moja.

Alipita karibu yangu wakati wa kutoka, akanong’ona: “Waambie ni maji tu yamepungua.”

Suti ilimkaa vizuri, maana wiki moja kabla fundi cherehani alikuwa ameifumua kiunoni na mabegani na kuishona upya. Alinitoza shilingi elfu kumi na mbili. Hasara yangu yote kwa zile kilo tisa ni hiyo: shilingi elfu kumi na mbili.