Picha za Meli na Kilindo cha Mbegu

Mwaka ule tulikula ngozi. Si ngozi ya mnyama aliyechinjwa jana, la. Ngozi za kulalia, zile zilizokwisha kunyonyoka manyoya kwa migongo yetu. Unaikata vipande, unailoweka, unaichemsha tangu asubuhi hadi jua lipinduke, unatafuna, na kesho yake taya linakuuma. Kabla ya ngozi tulikula ubuyu, na kabla ya ubuyu mizizi ambayo hata ngiri aliiruka. Anayetaka kujua ulikuwa mwaka gani wa Wajerumani aulize vikongwe wenzangu wenye meno mabovu.

Siku zile wanawake tulilazimishwa kupeleka maji bomani kwa zamu, na huko ndiko nilikoziona picha. Zilikuwa nne, zimechapwa kwa wino mweusi, zimetiwa vioo na kutundikwa nyuma ya kiti cha bwana mkubwa wa Kijerumani. Ya kwanza, meli ya vita imelala ubavu chini ya bahari kama ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Ya pili, watu waliovaa vichwa vya shaba wanaizunguka huko chini na kamba. Ya tatu, mapipa matupu yamefungwa kila upande wake. Ya nne, meli imeibuka, na wanaume kwenye mashua wanapunga kofia.

Mkalimani alikuwa askari mmoja wa pwani. Alinieleza kwa majivuno, ungedhani yeye ndiye aliyeiopoa.

"Meli ya kwao hiyo, mama. Ilizama, wakaitoa."

"Nani aliizamisha?"

"Wenyewe. Waliigongesha mwamba."

Nikatua mtungi, nikazitazama tena. Watu wazima wameangusha chombo chao wenyewe, wamehangaika kukiokota, halafu wakachora na kutundika ukutani wageni waone. Kwetu ukidondosha shoka kisimani unaliopoa kimyakimya, na unaomba jirani asipite.

Mvua ya kwanza ikaja, ikapiga siku mbili bila kupumua. Mbuga ya udongo mweusi iliyo chini ya Miyuji kwetu ikajaa maji, na gari la maksai la bwana mkubwa, lililobeba mashine ya chuma ya kupelekwa relini, likazama humo hadi juu ya magurudumu. Hata mbuzi wetu wanajua mbuga ile haipitiki baada ya mvua. Yeye hakuuliza mtu wala mbuzi. Alikwenda kutazama picha yake ya tatu, akaona hana mapipa, akakumbuka vilindo vyetu.

Kilindo ni pipa la magome ya mti, kimo cha mtu, tunamoweka nafaka ndani ya tembe. Kilindo cha mbegu huzibwa na mama mwenye nyumba kwa samadi mbichi, na hakuna mkono mwingine unaogusa samadi ile mpaka siku ya kupanda. Ndiyo maana mtu anaweza kula ngozi huku uwele umesimama hatua tatu kutoka jikoni. Mbegu iliyozibwa si chakula. Wanangu wawili walilala wamekiegemea kile kilindo, matumbo yakinguruma, na hawakuomba. Lakini ukishaimwaga sakafuni ni uwele tu, na mwenye njaa ana macho. Hilo bwana mkubwa hakulijua. Jumbe wetu alilijua, na ndiye aliyekuja kukusanya.

Jumbe huyo alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Mume wangu mwenyewe walikuwa wamemchukua upagazi. Akasimama mlangoni, yule askari nyuma yake.

"Mbukwa, shemeji."

"Mbukwa."

"Kimwage tukipeleke. Kesho kutwa kinarudi."

"Nikimwage wapi?"

"Kwenye ngozi."

"Ngozi tumekula, shemeji. Na wewe ulikuja kuonja."

Askari akacheka. Jumbe akanuna. "Wenzako wote wametoa. Unataka nichapwe viboko kwa ajili ya magome ya mti?"

"Mgongo hupona. Kilindo changu hakitoki humu ndani."

Mchana akaja bwana mkubwa mwenyewe, picha ya tatu kwapani, na kioo chake. Kuingia tembe sharti uiname. Aliinama kidogo mno, boriti ikamvua kofia. Akaweka kidole kwenye mapipa, akanena, askari akatafsiri kwamba hivyo ndivyo meli ilivyotoka.

"Mwambie mapipa yao yalikuwa matupu, langu lina mbegu," nikasema, nikakaa chini, mgongo kwenye kilindo. Wanangu wakaja wakakaa ubavuni kwangu. Bwana mkubwa akatazama nje, mawingu yalikuwa yanarudi. Akasema vilivyopatikana vinatosha. Sikumshukuru, kwa kuwa haikuwa huruma, ilikuwa haraka.

Wanaume wakaingia majini hadi kifuani, wakafunga vilindo pande zote za gari. Vikaelea, kweli, muda wa mtu kuvuta ugoro. Maksai walipokaza minyororo, magome yaliyolowa yakapasuka moja baada ya jingine kama maganda ya kunde, na mashine ikateremka zaidi ya ilivyokuwa. Ikabaki humo. Picha ya siku ile sikuona mtu akiichora.

Na majumbani mbegu ilikuwa chini, wazi. Mama mmoja akachota konzi moja kwa mtoto mgonjwa, kisha ya pili. Siku ya tatu hapakuwa na nyumba yenye mbegu ya kupanda ila yangu. Akina mama siwalaumu. Wanaume waliosimama bomani mdomo wazi mbele ya picha zile, kisha wakatoa vilindo, hao nawadharau hadi leo.

Udongo ulikuwa unaanza kukauka. Wakaja majirani, kila mmoja na kibuyu chake. Nikabandua samadi kwa mkono wangu, nikawagawia mpaka shamba langu mwenyewe likabaki na mbegu ya nusu. Wa mwisho alikuja jumbe, mikono mitupu, akachungulia ndani ya kilindo.

"Shemeji, shamba langu kubwa. Niazime chote nikapande, nitakurudishia."

"Kalete kibuyu kama wenzako," nikamwambia. "Kilindo changu hakitoki humu ndani."