Eda ya Mwanamume

Dada yangu mkubwa alinipigia simu Guangzhou siku chache baada ya arobaini ya mke wangu. Alikuwa amenitafutia mchumba, binti wa Temeke, mtulivu, anayejua kupika. Kwa kuwa masoko ya China hufungwa wakati wa Mwaka Mpya wao, alitaka nije Dar es Salaam likizo hiyo, nioe, nirudi na mtu.

"Sitakuja," nikamwambia. "Niko eda."

Akacheka.

"Mwanamume gani anakaa eda, wewe? Wachina wamekunywesha nini?"

"Miezi minne na siku kumi, dada. Nimeshaanza."

"Utachekesha mji mzima, mdogo wangu."

"Na wacheke."

Nilisoma mpaka darasa la saba na chuo cha Kurani nilifika mbali kidogo, kwa hiyo najua dini haimwamrishi mwanamume jambo hilo. Sikudai kwamba ni ibada. Nilidai kwamba ni langu. Sitajipaka mafuta mazuri, sitavaa nguo mpya, sitakwenda harusini, na sitaongea na mtu habari za kuoa mpaka siku zitimie. Hata Idi ilinikuta humo, nikaisali na shati kuukuu.

Wenzangu wawili wa Dar niliopanga nao chumba Sanyuanli walilifurahia jambo hilo kuliko kawaida. Asubuhi walinisalimu, "Shikamoo, Bi Mjane." Mmoja aliyekuwa akinunua nguo soko la Shisanhang aliniuliza mbele ya watu kama anichukulie baibui kwa bei ya jumla. Mimi nilikuwa nikienda soko la Yide Lu, nanunua penseli na vifutio vyangu vya kuuza Dar, narudi, nalala.

Tatizo likawa likizo. Wao wanakwenda nyumbani, maduka yanafungwa, na mimi nabaki na simu ya mama mwenye nyumba, ambayo dada angeipiga kila siku. Ndipo jirani yetu wa ghorofa ya juu, mfanyabiashara wa Lubumbashi niliyekuwa nikinunua naye vifaa vya shule, akaniambia anakwenda Brussels kwa shangazi yake. Shangazi aliandika barua ya mwaliko ya watu wawili. Viza ikatoka. Watu husafiri Ulaya kutembea. Mimi nilikwenda kujificha na harusi yangu mwenyewe.

Kumbe harusi ilikuwa imetangulia.

Jumapili ya kwanza shangazi alipika bukari, yaani ugali wao, na sombe, kisamvu chetu, na samaki wa chumvi. Mezani nilikalishwa karibu na mama mmoja mwenye saluni ya nywele, amevaa vizuri, ananukia. Tulipofika katikati ya chakula shangazi akaweka kijiko chini.

"Papa, huyu mama eko peke yake, na weye uko peke yako. Baridi ya huku haipitike na mutu mumoja."

Meza nzima ikacheka. Nami nikaweka kijiko chini.

"Shangazi, asante kwa chakula. Mimi niko eda."

Rafiki yangu akawafafanulia kwa Kifaransa, na kicheko kikawa kikubwa zaidi.

"Mwanaume!" shangazi akasema, anajifuta machozi. "Sasa kitambaa yako ya mujane iko wapi?"

"Mwache, shangazi," rafiki yangu akasema. "Huyu nimemuzoea. Ni kama wale wauzaji wetu wa Yide Lu. Akisema meiyou, ni hakuna, hata ukilala mulangoni."

Baadaye nilikuwa jikoni naosha sahani yangu, yule mama wa saluni akaja kusimama mlangoni. Hakuwa anacheka.

"Ni nani alikuamuru?"

"Hakuna."

"Sasa juu ya nini?"

Nilikuwa sijamwambia mtu. Labda kwa kuwa alikuwa mgeni kwangu, nilimwambia yeye.

Nilimwambia kwamba mke wangu alianguka asubuhi huko Dar, na alasiri akawa ameshazikwa. Habari ilinifikia Guangzhou kwenye ofisi ya mizigo, nimesimama kati ya maboksi. Sikumzika. Tena nilipomwoa alikuwa mjane. Siku moja, anachana nywele, alinihadithia alivyomkalia eda mume wake wa kwanza. Alikaa chumbani Kariakoo siku zote hizo mpaka akawa anawajua majirani kwa mlio wa kandambili. Alieleza bila kulalamika, na mimi nikamwonea wivu yule marehemu. Miaka yote niliyoishi na mke wangu, niliwaza kwamba kuna mtu mwingine aliyekaliwa namna ile.

"Sasa amekufa yeye," nikasema. "Wananiambia siku arobaini zimemtosha. Yeye aliyekaa siku zote zile kwa ajili ya mtu, akaliwe arobaini tu? Nani amempunguzia?"

Mama yule alichukua koti lake kwenye kiti.

"Maliza siku zako, papa," akasema. Kisha akageukia sebuleni kwa sauti kubwa: "Shangazi, huyu hapana! Eko na bibi yake bado!"

Shangazi hakukata tamaa. Jumapili ya pili akaalika mwingine. Jumatatu nikapanda treni peke yangu.

Nilipita miji ambayo sina la maana la kuisimulia. Nilikula mkate na jibini, nikalala vyumba vya bei ndogo karibu na stesheni, nikatazama mito yenye rangi ya bati. Nilikuwa na baridi na sikuwa na raha, ila hakuna aliyenitafutia mke.

Cologne niliingia bila kujua kwamba ni sikukuu yao ya kuvaa vinyago. Watu wazima barabarani wamevaa kama kuku, kama wafalme, wanaimba, wanarusha peremende. Mwanamke mmoja aliyevaa kama nyuki akanikumbatia, akanibusu shavuni, akanipaka rangi nyekundu kuanzia pua hadi sikio. Sikumkasirikia. Angejuaje? Lakini nilirudi stesheni, nikaingia chooni, nikaanza kunawa kwa maji ya baridi. Rangi haikutaka kutoka. Pembeni yangu alinawa mzee aliyevaa kama jogoo. Alinitazama ninavyojisugua, akanipa karatasi na kipande chake cha sabuni. Nilisugua mpaka ngozi ikawaka. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Zilitimia nikiwa Amsterdam. Nilikuwa nimekaa kitandani kwenye chumba cha hoteli, jua limekuchwa. Nilitegemea kusikia kitu moyoni, wepesi labda. Sikusikia kitu. Mke wangu alikuwa amekufa kama jana yake.

Kesho yake ningeweza kujipaka mafuta na kununua shati. Sikufanya. Nilikaa siku moja zaidi. Lazima niseme ukweli: hiyo moja haikuwa ya huzuni. Ilikuwa ya kumpita yule mume wa kwanza. Ni jambo la kitoto kushindana na maiti, na mke wangu angenicheka. Ningekuwa na nafasi, ningelifanya tena.

Siku ya pili nikanunua kadi ya simu, nikampigia dada.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, dada."

"Alhamdulillahi. Basi wazee waende Temeke wakaseme?"

"Wakaseme nini? Nimekwambia eda imekwisha. Sijakwambia naoa."

Safari hii hakucheka. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake redio ya nyumbani. Kisha akaniuliza kama huko niliko kuna baridi sana.

Nikamwambia ipo.