Mwano wa Tatu wa Milembe

Milembe alikuwa mwoga. Hata waliompenda walianza na hilo walipomweleza kwa mgeni. Aliogopa mbwa asiyemjua, aliogopa lori la pamba likirudi kinyumenyume, aliogopa hata kuku wake wakikaa kimya. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, na shamba lake huko Lingeka lilikuwa la mwisho kabla ya korongo. Ng'ambo ya korongo ni pori, na porini wamo fisi. Wengi wa waliomcheka walikuwa na mashamba upande wa barabara.

Kijijini kwao mtu akiona hatari hupiga mwano, yowe refu la kuitana, na kila mwenye miguu hukimbilia linakotoka. Asiyekwenda hutozwa faini. Anayepiga bila sababu naye hutozwa. Milembe alishapiga mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa punda wa Danford. Mara ya pili lilikuwa turubai lililonasa kwenye miiba, likipepea, na wanaume wazima wenye mikuki walisimama kulitazama wakitweta.

Safari hiyo ya pili walimwekea kikao. Mwanawe Onesmo, anayefundisha baiolojia sekondari huko Bariadi, alifika na vumbi la safari mpaka kwenye kope, akaomba nafasi ya kusema.

“Wazee wangu,” alisema, “zamani sana, kabla hata ya mikuki, nyasi zikitikisika mtu mmoja alikimbia, mwingine alisema ni upepo. Na kweli mara nyingi ulikuwa upepo. Lakini siku moja haukuwa upepo, na yule aliyebaki hakuacha watoto. Sisi tuliokaa hapa wote tumetokana na waliokimbia. Hofu ya mama yangu ndiyo iliyotufikisha.”

Mzee Magese, kiongozi wa sungusungu wanaolinda kijiji, alimsikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa haki.

“Mwalimu, umesema vizuri,” alijibu. “Ila hao wa zamani walikimbia wenyewe. Mama yako anatukimbiza sisi.”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Milembe alitoa mbuzi, na akaambiwa kwamba akipiga mwano mwingine wa bure atatengwa mwezi mzima.

Basi ikaja asubuhi ile ya mwezi wa sita. Umande ulikuwa umekauka na wanawake wametawanyika kuchuma pamba, kila mmoja shambani kwake. Jirani yake Salu alikuwa amemlaza bintiye Nyanjige kwenye kanga, kivulini, karibu na ukingo wa korongo, naye akachuma akienda mbali, mgongo kwa mtoto. Milembe alikuwa ameshika tumba la pamba mkononi. Ghafla nywele za mikono zikamsimama.

Hakuona kitu. Hakusikia kitu. Moyo tu ulianza kwenda mbio, mate yakakauka, na macho yakagoma kutoka kwenye nyasi ndefu zilizokuwa hatua chache kutoka kwa mtoto. Alijiambia ni turubai. Alijiambia ni punda. Akamkumbuka Mzee Magese, akasikia kile kicheko chote upya. Sasa zilikuwa hofu mbili, moja ikimsukuma apige yowe na nyingine ikimziba mdomo, na katikati alikuwa yeye. Kama ingekuwa roho yake peke yake, pengine angenyamaza. Akamtazama mtoto, akapiga mwano.

Walikuja wote. Salu alifika wa kwanza, akamkwapua bintiye kabla hajauliza kitu. Wanaume wakateremka korongoni na marungu na mikuki, wakapekua huku na huku. Ardhi ilikuwa ngumu, haikushika unyayo. Walipata mahali ambapo nyasi zimelala, basi.

“Ulimwona?” akauliza Mzee Magese.

“Sikumwona.”

“Ulimsikia?”

“Hapana, baba. Mwili ulisisimka.”

Hakuna aliyecheka siku hiyo, na hilo lilimtisha zaidi. Jioni ileile akatengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asiteke maji wenzake wakiwa kisimani. Danford mwenye sola alimrudishia simu yake bila kuichaji, ameshika mlango. Chaji iliyobaki aliitumia kumpigia Onesmo.

“Mwanangu, hii ya kuogopa watu nayo ni ya zamani?”

“Hiyo ni kali zaidi, mayu. Zamani aliyeachwa na wenzake hakufika mbali. Ndiyo maana mwili unaona kama unawindwa. Nitakuja Jumamosi niongee nao tena.”

“Usije. Watasema nimewaletea mwalimu mara ya pili.” Simu ikazima.

Siku zilizofuata zilimwingia mpaka kwenye mifupa. Alipita njiani akasema “Mwangaluka”, salamu ya asubuhi, kwa mazoea, na shangazi wa marehemu mumewe akageukia ukuta. Chakula kilimshinda. Alilala na panga kando ya kitanda, naye hakujua panga hilo ni la nini, maana alichonyimwa ni salamu na moto tu. Usiku wa nne aliogopa kwamba atakufa na hakuna atakayeruhusiwa kumlilia.

Siku ya tano shambani akaona kitu asichokielewa. Salu alikuwa anachuma mistari ya mpakani, karibu kabisa naye, wakati pamba yake iliyopasuka vizuri iko upande wa juu. Kesho yake akaja Martha, ambaye hata si jirani, akaomba kumsaidia Salu, na kanga ya mtoto wake akaitandika mpakani. Kufikia mwisho wa wiki wanawake saba walikuwa wanachuma wamelibana shamba la Milembe pande zote, migongo kwake, wakiongea wao kwa wao kana kwamba pale pamesimama kisiki. Watoto wao wakalala kwenye kingo za shamba lake. Naye, badala ya kufarijika, aliogopa mara saba.

Ikawa Alhamisi, jua limepanda, nywele za mikono zikasimama tena.

Safari hii hakupiga yowe. Hakupata nafasi. Alinyooka tu, shuka la kutilia pamba likamtoka kiunoni, akaukazia macho ule ukingo wa korongo. Maongezi yakakatika. Hakuna mwanamke aliyetazama korongo kwanza. Wote saba walimtazama yeye usoni, na nyuso zao zikabadilika zikafanana na wake. Salu alikuwa tayari ana Nyanjige mkononi. Wakaja, wengine na watoto, wengine na mapanga, wakavuka mpaka, wakamzunguka Milembe, nyuso zikielekea nyasi, mabega yanagusana. Alisikia pumzi ya Martha shingoni.

Kitu kilipita mle ndani, au hakikupita. Nyasi zilitikisika mara moja zikatulia.

Walisimama hivyo hadi vinyweleo vya Milembe vikalala, naye akashusha mabega. Nao wakashusha ya kwao. Kisha kila mmoja akarudi kwenye mstari wake kuchuma, na hakuna aliyemsalimu.