Divai ya Mapovu ya Shangazi

Shangazi hufungua divai nyekundu ya mapovu kama anayembembeleza mtoto: kitambaa juu ya kizibo, chupa anaizungusha taratibu, isilipuke, igune tu. Mimi nikifungua, kizibo huruka na balbu ya dari hujificha. Yeye huinywa baridi, kwa samaki, kwa maharagwe, hata kwa keki, na hajawahi kumwaga tone. Jumapili baba, kaka yake, alikuja kula kwake mara ya kwanza tangu wagombanie nyumba ya marehemu bibi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kung'olewa jino.

“Hii divai au sabuni?”

“Onja na samaki, kaka.”

Akaonja. Akaongeza samaki. Sahani ilipobaki na miiba tu, nikadhani sasa anaaga. Akasogeza glasi. “Na keki pia inakwenda?”

Shangazi akamimina. Povu likafurika mpaka mezani, naye, macho kwa kaka yake, hakuona.