Namba Moja Ofisini

Nilikuwa nachekecha unga wa uwele pale binti yangu aliponipigia simu kutoka ofisini anakotunza kompyuta. Ile ya zamani, ya mfumo wa Unix, yenye ramani za visima, imepotea kwenye mtandao, na wachimbaji wanazihitaji kesho alfajiri. Wamebadilisha waya, wameizima na kuiwasha, wapi.

Mkuu wake akaingia. Simu haikukatwa, nikasikia yote.

"Shikamoo mzee. Kompyuta yako mpya nani aliipa anwani, ile namba yake ya mtandao?"

"Marahaba. Mimi niliagiza iwe namba moja. Mkuu mzima nifuate foleni, niwe wa kumi na saba?"

"Namba moja ni ya ile ya zamani, mzee. Mbili zikiwa na anwani moja, zinagombana."

"Ibadilishe hiyo kuukuu."

"Mashine zote zinaitafuta kwa namba hiyo, tangu kabla hujahamia hapa."

Nikajua kibarua cha mwanangu kimeota nyasi.

"Haya, nipe kumi na saba. Ila usitangaze."

Nimetangaza mimi. Ofisini ubovu huanza kutafutwa kwenye waya kwa sababu waya hauna cheo.

Binti alifika nyumbani na bodaboda, ramani zimeshachapwa. Nikapakua chakula, nikahesabu vichwa vya familia mkekani: sita, wote wapo, hakuna aliyepotea.